Maneno Yaliyokuwa ya Dereva

Watu wa Keroka wakisema "peleka kwa Mama Kinsi", ujue kuna mtu anaoa au kuna mtu amekufa. Mama Kinsi, kwa jina la binti yake, ni Farhiya, na duka lake la kuchapisha liko kwenye veranda moja na cherehani yangu, mkabala na stendi. Mimi ni Persis, fundi wa nguo, ingawa wengi huniita Mama Mose. Nimekaa naye hapo miaka kumi na minne, yeye akichapa kadi za harusi na mimi nikishona gauni la harusi hiyohiyo. Kwa hiyo ninayoyasema juu yake sikuyasikia kwa watu.

Baba yake alikuja Keroka kutoka Garissa akinunua ngozi za ng'ombe, akaoa msichana wa huku, Mgusii aliyesilimu, na safari ya kurudi Garissa ikaishia hapo. Farhiya akazaliwa na sura ya baba na ulimi wa mama. Mgeni akimwona na buibui lake humsemesha Kiswahili cha taratibu, cha kumsaidia. Yeye humjibu kwa Ekegusii cha vijijini kabisa, cha bibi wa Nyaramba, na mgeni hubaki ameshika mdomo.

Hapendi kelele. Chai yake haina sukari. Simu yake iliharibika sikio zamani na hakuitengeneza, basi huongea kwa spika, na sisi wa veranda tunayajua mambo yake tupende tusipende. Tena ana tabia moja ambayo sikuitilia maanani. Mbele ya stendi kuna matuta, na lori likipiga breki kabla ya kuyapanda, vidole vya Farhiya husimama juu ya kompyuta. Hukaa hivyo kidogo, kisha anaendelea. Nilidhani anavipumzisha, maana kuchapa kutwa nzima si mchezo.

Mumewe, Gulled, ni dereva wa lori. Hupakia unga Nakuru akaupeleka Isebania, mpakani, akarudi na mahindi, na njia ni hii hii ya mbele yetu. Lakini hasimami. Mwenye lori ametia kifaa kinachomwonyesha kwa simu gari limesimama wapi na kwa dakika ngapi, na likisimama pasipo pake dereva huulizwa. Basi Gulled hupita hatua chache kutoka kwa mke wake mara nne kwa wiki, akapanda matuta polepole, akaenda zake. Nyumbani huonekana mwisho wa mwezi. Akifika mwisho wa safari hutuma ujumbe: "Nimefika." Farhiya humjibu: "Sawa." Nimesikia mlio wa huo ujumbe mara nyingi kuliko kengele ya kanisa letu.

Sasa niseme juu ya kazi yake, kwa sababu hapo ndipo nilipojifunza jinsi watu wetu walivyo.

Kadi ya harusi ina mahali pa maneno. Kijitabu cha mazishi pia, kile chenye picha ya marehemu kwenye jalada, kina ukurasa ambao mume humuaga mke, au mke humuaga mume, na siku ya kuzika mshereheshaji huusoma kwa kipaza sauti watu wakalia. Farhiya huuliza, "Niandike nini?" Na hapo mtu aliyekuja akipiga domo kutoka stendi hadi mlangoni hunyamaza kimya. Hutazama dari. Hujikuna shingo. Kisha husema, "Andika vile huwa mnaandika."

Vijana ndio wanaonipandisha hasira zaidi. Hawa wana simu mbili mbili na vifurushi vya intaneti, wanaandikiana kutwa, lakini kaa uyasome wanayoandikiana! Umekula? Nimekula. Uko poa? Niko poa. Kisha kidole gumba. Kama ni kuulizana chakula tu, hata mpishi wa shule anakuuliza. Wazee nao wasijipige kifua. Bibi yangu aliniambia zamani kulikuwa na esigani, mtu wa katikati, aliyetumwa kuchunguza kama ukoo ule una uchawi au una wizi kabla ya ng'ombe wa mahari kutembea. Esigani alisema mengi, lakini hakumsemea mwanamume moyo wake. Hilo mwenyewe alilisema njiani kwenda mtoni, akikosea kosea. Leo wanataka esigani wa kila kitu, na awe na printa.

Farhiya, kwa sababu kazi lazima iende, aliweka faili moja kwenye kompyuta. Alilipa jina MANENO. Ndani mlikuwa na vifungu vya kuombea mtu uchumba, vya harusi, vya ukumbusho wa ndoa na vya mazishi. Nilimuuliza kwa nini hakutenganisha. Akaniambia bila kuinua macho, "Mama Mose, maneno ni yale yale. Yenye inabadilika ni picha."

Mwaka jana, mwezi wa nane, alikuja mzee mmoja anayeitwa Obwocha, mkulima wa chai na ndizi kutoka upande wa Nyaramba. Mkewe Ruth alikuwa amefariki. Alileta picha ya Ruth akiwa na kilemba cha kanisani, akaketi kwenye stuli, akaweka kofia magotini.

"Mzee, hapa ni pahali ya wewe kumuaga," Farhiya akamwambia. "Nataka maneno yako."

"Alikuwa mtu mzuri," Obwocha akasema.

"Ndiyo. Na nini ingine?"

"Mchapakazi."

Farhiya akangoja. Obwocha aliketi pale kuanzia saa tatu mpaka saa saba. Nilikuwa namwona. Wateja waliingia wakatoka, yeye yuko palepale. Mara moja alisema, "Thelathini na moja," nasi tukaelewa ni miaka. Kisha machozi yakaanza kumtoka bila sauti, naye hakuyafuta.

Hapo Farhiya aligeukia kompyuta, na hakufungua lile faili. Alichapa kutoka kichwani. Akamsomea: "Kabla sijakujua, barabara ilikuwa ya kwenda tu. Nilipokujua, ndipo nikagundua barabara hiyohiyo ina kurudi."

Obwocha akaitikia kwa kichwa muda mrefu. "Hiyo ndiyo," akasema. "Hiyo ndiyo nilikuwa nataka kusema."

Alipoondoka nilimuuliza Farhiya ameyatoa wapi. Akasema, "Ni ya zamani," akaenda kuchukua karatasi. Siku ya mazishi maneno yale yalisomwa, na watu waliokuwepo wanasema hata wachimba kaburi waligeuza nyuso. Baada ya hapo Farhiya aliyatia ndani ya faili pamoja na mengine. Sijui kwa nini. Labda kwa sababu mtu akishatoa kitu chake kizuri mara moja, mara ya pili haoni uzito.

Mara ya pili ilikuwa mwaka huu, na aliyekuja ni Ogeto.

Ogeto ana miaka thelathini na mmoja, anaendesha mashine katika kiwanda cha chai huko Itumbe. Kijana mtulivu, hanywi, hana maneno na mtu. Kwa miaka miwili alikuwa na msichana anayeitwa Nyanchama, karani katika ofisi moja mjini Nyamira, na Jumamosi ya wiki ile watu wa Ogeto walikuwa waende kwa kina Nyanchama, familia zionane rasmi. Mbuzi walishanunuliwa. Gauni la Nyanchama lilikuwa kwenye cherehani yangu, kitambaa cha zambarau, mikono mipana.

Nilipokuwa nikimpima, Nyanchama alinisomea simu yake. Miaka miwili ya ujumbe wa Ogeto! Umefika. Umekula. Lala salama. Kidole gumba. "Mama Mose," akaniuliza, "huyu mtu ananipenda ama ananichunga?" Nikamwambia wanaume wa huku ndivyo walivyo. Akasema, "Ndivyo walivyo na mama zetu. Mimi nataka kuambiwa." Nikaendelea kumpima, lakini moyoni nilimpa haki yake.

Jumatatu Ogeto akaingia kwa Farhiya akiwa na harufu ya majani ya chai kwenye nguo.

"Mama Kinsi, nisaidie. Nyanchama ameniwekea mtihani. Ati kabla Jumamosi nimwambie kwa nini nataka yeye. Kwa mdomo ama kwa karatasi. Nikikosa, ati watu wetu wasijisumbue kuja."

"Si umwambie?"

"Mimi si mtu wa maneno mingi. Na si anajua?"

Siku hiyo Farhiya alikuwa amezidiwa. Kulikuwa na kadi za harusi za watu wa Kisii mjini zilizongojewa, na umeme ulikuwa umepotea asubuhi. Alifungua faili, akabonyeza, akachapa kwenye kadi ya waridi yenye ukingo wa dhahabu. Ogeto akaisoma amesimama, akasema, "Hii ni kali," akaitia ndani ya jaketi. Kwa Obwocha ilikuwa huruma. Kwa Ogeto ulikuwa uvivu, na nilimwambia hivyo baadaye, naye hakukataa.

Alhamisi nilikuwa nimeshapachika mkono wa kulia wa gauni, wa kushoto uko mezani, Nyanchama akatokea. Hakuniamkia. Alisema, "Mama Mose, usishone huo mkono kwanza," akapita akaingia kwa Farhiya. Nami nikamfuata. Gauni lilikuwa kazi yangu, na mdomo wangu haukuwa na kufuli.

Aliweka vitu viwili juu ya meza. Kadi ya waridi, na kijitabu cha mazishi kilichokunjwa kikalainika. Marehemu Ruth alikuwa dada mdogo wa mama yake. Kijitabu kile Nyanchama alikiweka ndani ya Biblia yake tangu siku ya mazishi.

"Mama Kinsi, nisomee," akasema.

Farhiya akasoma cha kwanza. Hakusoma cha pili.

"Jana nilisoma hiyo kadi nikalia kwa furaha," Nyanchama akasema. "Nikaonyesha watu ofisini. Halafu nikafungua Biblia nikapata ni ya mama mdogo. Neno kwa neno." Sauti yake haikupanda, na hilo lilinitia hofu zaidi kuliko kama angepiga kelele. "Sasa nikakaa nikafikiria. Barabara gani? Ogeto anatoka kwao anaenda kiwandani kwa miguu, dakika kumi. Hajasafiri. Na baba mdogo Obwocha, akienda mbali sana ni Kisii kununua mbolea. Haya ni maneno ya mtu wa safari. Nataka kujua ni ya nani."

Farhiya aliivuta kadi karibu, akaigeuza, akairudisha.

"Ni ya Gulled," akasema. "Baba Kinsi. Aliniambia mwaka wa elfu mbili na mbili, hapo nje, akiwa ameshika mlango ya lori. Tulikuwa na mwezi tatu tangu tuoane."

Nilishtuka. Gulled! Yule ambaye miaka hii yote nilimjua kwa neno moja la "Nimefika"!

"Na siku hizi anakuambia nini?" Nyanchama akauliza.

Farhiya akampa simu. Nyanchama akapandisha ujumbe kwa kidole, akapandisha tena, akairudisha mezani.

"Na wewe, siku hiyo, ulimjibu nini?"

Farhiya akatazama nje, kwenye barabara. "Nilicheka," akasema. "Nikamwambia, nenda bwana, utachelewa."

Nje manamba alikuwa akiita abiria wa Sotik. Kisha Nyanchama akaketi kwenye ile stuli na uso wake ukabadilika, akawa mtoto.

"Mimi nilidhani mama mdogo alipendwa," akasema. "Hiyo ndiyo kitu ilinifariji. Nilikuwa naambia watu, angalau yeye aliambiwa. Kumbe alikufa bila kuambiwa. Na mimi naenda njia hiyo hiyo."

Farhiya akamshika mkono. Akamweleza jinsi Obwocha alivyokaa pale tangu asubuhi, kofia magotini, na jinsi alivyosema hiyo ndiyo. "Alikuwa nayo ndani," akamwambia. "Nilikuwa hapa. Mama Mose alikuwa hapa. Haikutoka tu."

"Haikutoka ni sawa na haiko, Mama Kinsi. Yeye alikuwa kwa jeneza."

Wahenga walisema kinywa ni jumba la maneno, lakini sisi huku tumelifunga jumba tukapoteza ufunguo.

"Nipatie mpaka kesho jioni," Farhiya akasema mwishowe. "Hii makosa ni yangu."

"Kesho jioni," Nyanchama akasema. "Baada ya hapo napigia mama yangu simu, mbuzi warudi boma." Alipotoka aliutazama ule mkono wa gauni mezani kwangu kama mtu anayetazama kitu cha mwenzake.

Farhiya akampigia Ogeto palepale, kwa spika. "Kesho ukitoka kazi pitia hapa. Usibebe pesa. Kuja na mdomo yako." Akakata. Kisha akafungua faili la MANENO, akaitafuta ile mistari miwili, akaifuta. Akaniambia, "Imeenda." Nikamuuliza kama anayo mahali pengine. Akajigusa kifuani, na mimi nikarudi kazini.

Ijumaa saa tisa alasiri Ogeto akaja. Alipoiona kadi yake juu ya meza, akaketi.

"Amekataa?"

"Bado. Ongea."

"Niongee nini?"

"Kwa nini unataka Nyanchama?"

"Mama Kinsi, yeye anajua."

"Anajua nini?"

"Anajua tu."

Hapo uvumilivu wangu ukaisha. Nilisimama mlangoni na mkasi mkononi. "Wewe Ogeto! Mficha uchi hazai! Kesho utapeleka wazee watano na mbuzi kwa watu wasiokujua, na msichana mmoja anayekujua unashindwa kumwambia sentensi moja? Unaogopa nini, atakula?"

Akatazama chini. Akajaribu. Akasema, "Nyanchama ni mzuri, ana heshima, ana..." akasimama. Ilikuwa ni kama ripoti ya shule. Akajaribu kwa Kiingereza, nacho kikamtoka kama kwenye sinema, mwenyewe akaona aibu. "Kwa Kiswahili haitoki," akasema. "Na kwa Kizungu ni kama nadanganya."

"Ongea Ekegusii," Farhiya akamwambia. "Nani amekukataza?"

Ogeto akamtazama yule mama mwenye buibui kana kwamba amemwambia jambo geni. Mimi nilimwelewa. Ekegusii kwake kilikuwa cha ng'ombe, cha shamba, cha kumwitikia mama. Mapenzi aliyasikia redioni kwa lugha za watu, akadhani ndiko yanakokaa.

Akaanza. Aliongea akiitazama sakafu, na nayaandika kwa Kiswahili kadiri ninavyoweza, ingawa mengine yamebaki huko.

"Siku ya kwanza alikuja kiwandani na wageni wa ofisi yao, kutembezwa," akasema. "Wote walipiga picha wakapita. Yeye alisimama akaniuliza mashine yangu inaitwaje. Nikamwambia. Akauliza kwa nini inagonga upande wa kushoto. Nikamwambia beringi imechakaa. Akaenda. Wiki mbili baadaye tulikutana kanisani, akaniuliza kama wamebadilisha beringi." Akajisogeza mbele kwenye stuli. "Nimefanya kazi pale miaka tisa. Mama yangu hajui nafanya kazi gani, anajua tu niko kiwandani. Ndugu zangu huniuliza mshahara. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza juu ya beringi."

Farhiya alikuwa ameondoa mikono kwenye kompyuta.

"Sasa mashine ikigonga, mimi husema moyoni, hii nitamwambia. Kila kitu hata kidogo. Nikiona majani yamekuja mabaya, nitamwambia. Halafu nikishika simu, vidole vinaandika umekula." Akafuta jasho. "Mama Kinsi, naogopa. Akiniacha, nitarudi kuwa mtu ambaye haulizwi."

Nilijifanya natafuta uzi. Nilikuwa nalia, sitaki kudanganya.

"Sasa chapa," Ogeto akasema. "Nipatie karatasi, bahasha nitanunua dukani."

"Sijaandika," Farhiya akamwambia.

"Hujaandika? Na yote hiyo nimesema?"

"Yote hiyo utaenda kumwambia. Yuko kazini mpaka saa kumi na moja. Enda sasa."

"Nitasahau!"

"Ukisahau, anza tena."

Akasimama pale mlangoni akiwa hajui aingie au atoke. Kisha akavuka barabara karibu agongwe, akapanda pikipiki, wakaelekea Nyamira. Kadi ya waridi aliiacha mezani. Jioni ikaingia, tukafunga maduka, na hakuna aliyetupigia simu. Nililiacha gauni likining'inia na mkono mmoja.

Jumamosi nilifungua mapema kwa sababu sikuwa nimelala vizuri. Saa moja na nusu simu ikalia. Ni Nyanchama.

"Mama Mose, ule mkono bado uko?"

"Uko hapa mezani."

"Shona. Wageni wanafika saa sita."

Nikaketi kwa cherehani na simu imebanwa begani. "Alikuambia nini?"

"Alianza na mashine," akasema, akacheka, na katika kucheka sauti ikapasuka. "Alisahau katikati. Akasema ngoja, akarudi nyuma, akaanza tena. Watu wa ofisi wote walikuwa kwa dirisha. Mama Mose, aliongea mpaka askari akafunga lango. Mimi sijawahi jua ana sauti ndefu hivyo."

Nilimwita Farhiya nikamwambia. Akasema, "Alhamdulillahi," akashika ukingo wa meza. Na kabla hajaketi, simu yake ikalia ule mlio. Sikuhitaji kuuliza. Nimefika.

Nilikuwa namtazama. Kidole chake kilienda kuandika sawa, kikasimama. Akaiweka simu chini. Akaichukua tena, akapiga.

"Kuna nini?" Sauti ya Gulled ikaingia verandani, nyuma yake malori mengine yakinguruma. Kwao kupigiana simu ni habari mbaya. "Kinsi ni mgonjwa?"

"Hapana."

"Duka?"

"Duka iko sawa."

"Sasa ni nini?"

Farhiya akafungua mdomo. Mwanamke huyu amejaza kurasa za watu wazima wa kata tatu, amewasemea mabwana harusi na wajane. Akasema, "Umekula?"

"Nimekula," Gulled akasema.

Niliacha kukanyaga cherehani. Nilitaka kuingia nikamtikise.

"Gulled," Farhiya akasema, "unakumbuka maneno yako ya barabara?"

"Hayo ni ya zamani," akasema.

"Niliyauza. Mara mbili. Nisamehe."

"Kwani uliyakumbuka?"

"Neno kwa neno."

"Mimi nilijua hukusikia," Gulled akasema polepole. "Ulicheka. Nikasema basi, huyu ni mtu hapendi maneno. Nikaacha."

"Nilicheka kwa sababu sikuwa na ya kurudisha. Sikiliza sasa nikujibu." Farhiya alikuwa amefumba macho, na mkono mmoja umeshika mlango. "Lori ikipiga breki kwa haya matuta, mimi naacha kuchapa. Hata kama mteja amesimama. Breki zako nazijua, zinalia mara mbili. Ikiwa ni wewe, nasikiliza mpaka sauti iishe kabisa, upande wa Kisii ama upande wa Sotik, ndio naendelea. Miaka yote hii. Sijawahi kukuambia. Nilikuwa naona utanicheka."

Nilitazama vidole vyangu mwenyewe juu ya kitambaa cha zambarau. Miaka kumi na minne!

Farhiya akafumbua macho, akaitazama simu. Kisha sauti ya Gulled ikaja, imekuwa ndogo.

"Jumatatu nitakuwa narudi."

"Najua," Farhiya akasema. "Sawa. Safari njema."

Akakata, akaingia ndani, akawasha kompyuta. Nami nikamaliza mkono wa gauni, na ilipofika saa tano Nyanchama alikuwa amelivaa. Watu walionana, mbuzi waliliwa, na nimeambiwa Ogeto aliulizwa swali moja na wazee akajibu kwa maneno kumi na matano, hata mama yake akamgeukia.

Jumatatu palikuwa na mazishi mawili ya kuchapwa, na Farhiya hakuwa na nafasi ya kuinua kichwa. Saa nne na robo lori likapiga breki kwenye matuta, breki zikalia mara mbili. Vidole vyake vikasimama. Nilisubiri nisikie likipanda tuta la pili na kuondoka, na nadhani yeye pia alikuwa akisubiri hilo. Badala yake tukasikia injini ikizimwa.